Walijiandikisha 60, wakaja 14: je, jioni yetu ya mada imeshindwa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, ninaishi Mtwara mjini na ninatengeneza tovuti na programu za simu kwa kujitegemea. Mwezi uliopita mimi na wenzangu wawili tuliandaa jioni ya mada kwa ajili ya watengenezaji wa programu wa Mtwara na Lindi. Watu 60 walijiandikisha kwenye kundi letu la WhatsApp, wakaja 14. Tulipanga kuanza saa kumi na mbili jioni, tukawasubiri watu hadi saa moja na robo. Mzungumzaji mkuu alikuwa mtaalamu wa Dar es Salaam ambaye angezungumza kwa njia ya video, lakini mtandao ulikuwa unakatakata na baada ya dakika 20 tukaacha. Mwenzangu akatoa mada ya pili kwa Kiingereza, slaidi 48, na hakuna aliyeuliza swali hata moja. Mabinti watatu waliokuja waliondoka kabla ya mada hiyo kuanza. Sasa wenzangu wanasema tutafute mdhamini, tukodi ukumbi wa hoteli na tumlete mgeni mashuhuri kwa ndege. Mimi nafikiri labda Mtwara bado haina watu wa kutosha, na ni afadhali tuache. Tufanye nini?"

Marahaba, kijana wangu. Nakushukuru kwa kueleza jambo hili saa kwa saa, kwa sababu majibu mengi yamo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Wenzako wanahofia kwamba mlikosa fedha, na wewe unahofia kwamba mji umekosa watu. Nimefundisha uandishi wa programu kwa miaka mingi, nimeandaa jioni za aina hii katika miji mikubwa na midogo, na katika uliyoyaandika sioni ushahidi wa hofu hizo mbili. Ninachokiona ni jioni iliyopangwa kama hafla ya kusikiliza, ilhali watu 14 waliotoka majumbani mwao walikuwa na haja nyingine.

Tuanze na hao 60, kwa kuwa ndiyo hesabu iliyowavunja moyo. Kuandika jina kwenye kundi la WhatsApp hakugharimu kitu, na kwetu sisi mtu akialikwa husema atakuja, kwa sababu kumkatalia mwenyeji waziwazi ni kumkosea heshima. "Inshallah nitafika" ni adabu kabla ya kuwa ahadi. Kwa hiyo hao 60 wahesabuni kuwa ni watu waliowatakia heri, na 14 kuwa ndio wageni wenu. Mkiandaa viti, chai na ratiba kwa ajili ya wale wa kwanza, kila kiti kitupu kitawasema, na hata waliofika watajiona wamekuja mahali ambapo wenzao wamepakwepa. Mkiandaa kwa ajili ya wale wa pili, chumba kidogo cha darasa chenye viti 15 vilivyopangwa kwa duara kitaonekana kimejaa.

Watu 14 ni wengi kuliko unavyofikiri. Mwezi Machi mwaka 1975, katika gereji ya nyumba moja mjini Menlo Park, California, watu wapatao 30 walikutana kuzungumza kuhusu kompyuta za kujiundia wenyewe. Kikundi hicho kilikuja kujulikana kama Homebrew Computer Club, na mmoja wa waliohudhuria siku ile ya kwanza alikuwa Steve Wozniak, mmoja wa waliokuja kuanzisha kampuni ya Apple, ambaye baadaye aliwaonyesha wenzake kompyuta iliyoitwa Apple I. Ninakitaja kwa sababu ya utaratibu wake wa kukutana, ambao watu wengi husahau kuuiga. Katika mikutano yao kulikuwa na kipindi cha wanachama kusimama mmoja mmoja na kueleza wanashughulika na nini, wana nini cha kugawa na wanatafuta nini, kisha kikafuata kipindi cha watu kutawanyika ndani ya ukumbi na kila mmoja kumfuata yule aliyemsikia akitaja jambo linalomhusu. Mada za wazungumzaji zilikuwapo, lakini kikundi kilishikiliwa na kule kutafutana.

Hapo ndipo ninapoona pengo la jioni yenu. Mtengenezaji wa programu anayefanya kazi peke yake hapo Mtwara, Shangani au Mikindani, anaweza kusoma mafunzo yoyote kwenye intaneti bila kutoka nyumbani. Kitu asichoweza kukipata kwenye simu ni kumjua mtu wa mtaa wa pili ambaye wiki iliyopita alikwama mahali palepale alipokwama yeye, akapita. Mada ni sababu ya watu kukusanyika, na kutafutana ndilo tunda lenyewe. Ninyi mliwakalisha watu 14 kwa zaidi ya saa moja wakisubiri wengine, kisha mkawataka wanyamaze wasikilize, kisha wakaenda makwao, na nina hakika wapo walioondoka bila kujua jina la aliyekaa kiti cha jirani. Safari ijayo dakika 20 za kwanza ziwe za kila mtu kusimama, kutaja jina lake, kitu anachokitengeneza na mahali alipokwama. Kwa watu 14, dakika moja kwa kila mmoja inatosha na muda unabaki. Kwa watu 60 ingekula saa nzima na jambo hilo lisingewezekana, kwa hiyo uchache wenu, kwa sasa, ni faida.

Kuhusu kusubiri, niruhusu nikemee kidogo kama mzazi. Tumezoea kusema kwamba watu wetu wana tabia ya kuchelewa, kana kwamba ni maumbile. Mtu hupanga muda wake kwa kuangalia uzoefu, na akifika saa kumi na mbili akakuta shughuli inaanza saa moja na robo, safari ijayo atakuja saa moja na robo, na ninyi mtasubiri hadi saa mbili. Kila mnapowasubiri waliochelewa mnawaadhibu waliowahi. Anzeni kwa dakika iliyotangazwa hata kama mko watano, na malizeni kwa dakika iliyotangazwa hata kama mazungumzo bado ni matamu. Mikutano miwili ya kwanza itawauma, na kufikia wa tatu habari itakuwa imeenea.

Saa yenyewe nayo mliikosea, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ninaamini ndiyo iliyowaondoa wale mabinti watatu. Mtwara jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni kwa mwaka mzima. Mkutano wa saa kumi na mbili, katika mji wenye Waislamu wengi kama wetu, unaanza wakati watu wanajiandaa kwa swala ya Magharibi, na unaendelea hadi Isha imeshaingia. Anayeswali analazimika kuchagua. Halafu giza likishaingia, binti anayekaa kwa wazazi au anayetegemea bajaji kurudi nyumbani anaanza kuhesabu dakika, na mada inapochelewa kwa saa nzima hesabu yake inavurugika kabisa. Si haki kuliita jambo hilo kukosa hamu ya teknolojia. Jumamosi saa kumi na robo alasiri, baada ya swala ya Alasiri, hadi saa kumi na mbili kasoro robo, ni dakika 90 ambazo karibu kila mtu anaweza kuzitoa na kurudi nyumbani kukiwa bado na mwanga. Lakini msibaki kwenye dhana yangu wala yenu. Waulizeni mabinti wale wenyewe kwa nini waliondoka, na mwombeni mmoja wao aingie katika kamati yenu ya maandalizi, achague mada na wazungumzaji pamoja nanyi. Tafadhali asije akaitwa kwenye kamati kwa ajili ya kupanga vikombe vya chai.

Sasa lugha. Mwenzako alizungumza Kiingereza kwa sababu, nadhani, alijifunza mambo hayo kwa Kiingereza na aliona ndiyo heshima ya taaluma. Simlaumu. Ila kimya mlichokipata baada ya slaidi 48 hakina maana kwamba wasikilizaji hawana maswali. Kuuliza swali mbele ya watu kunahitaji ujasiri, na kuuliza kwa lugha ambayo unaogopa kuikosea kunahitaji ujasiri mara mbili, hivyo wengi walikunja maswali yao wakarudi nayo nyumbani. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya kompyuta. Tangu mwaka 2004 ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa katika mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tumekuwa na ushahidi kwamba kinaweza. Amri zilizomo ndani ya msimbo (code) zibaki kama zilivyo, kwa kuwa kompyuta haijui nyingine. Maelezo ya kwa nini amri hiyo imewekwa pale ndiyo yatolewe kwa Kiswahili.

Chukua mfano wa faharasa (index) katika hifadhidata (database), jambo ambalo wanafunzi wengi hulikariri bila kulielewa. Mfikirie karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, katika msimu wa korosho, mwenye daftari lililojazwa kwa kufuata mpangilio wa watu walivyofika kwenye mzani. Mkulima akija kuuliza kilo zake, karani lazima apekue ukurasa kwa ukurasa. Akiwa na daftari la pili dogo lenye majina kwa mpangilio wa alfabeti, na mbele ya kila jina namba ya ukurasa, atampata kwa haraka, lakini atalazimika kuandika mara mbili kila anapopokea mzigo mpya. Hapo umeeleza kwa nini faharasa huharakisha kutafuta na kuchelewesha kuandika, na hakuna mtu wa Mtwara atakayekosa kukuelewa. Msemaji asiyeweza kutoa maelezo ya namna hiyo kwa lugha yake bado hajaimiliki mada yake, na kumwomba ajaribu ni kumsaidia.

Mfano huo pia unaonyesha mahali pa kutafuta mada. Kusini kuna matatizo halisi yanayosubiri watu wenye ujuzi wenu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mazao ghalani akapewa risiti na mazao yakauzwa mnadani, umekuwa ukitumika katika korosho tangu mwaka 2007, nao umejaa mizani, risiti, minada na malipo yanayosubiriwa; wakulima wengi wana simu za vitufe, kwa hiyo huduma inayopitia USSD, yaani ile ya kubonyeza nyota na namba bila intaneti, inawafikia kuliko programu nzuri ya simu janja. Mtu aliyejaribu kutengeneza kitu cha aina hiyo, hata kama kilishindwa, ana mada bora kuliko mgeni anayekuja kueleza mustakabali wa teknolojia. Mkitafuta mzungumzaji msimuulize kama yuko tayari kutoa mada, kwa sababu atasema hajafikia kiwango hicho. Muulizeni ni tatizo gani lilimsumbua mwezi huu hadi akalitatua, na akimaliza kuwaeleza mwambieni kwamba hayo aliyoyasema ndiyo mada yake, dakika 15, slaidi zisizozidi 10.

Kuna kosa moja la slaidi ambalo nimeliona mara nyingi mno kulinyamazia. Watengenezaji wa programu wanapenda kuonyesha msimbo wenye maandishi ya rangi juu ya mandhari nyeusi, kama wanavyouona kwenye kompyuta zao. Projekta huongeza mwanga tu, haina uwezo wa kurusha giza. Sehemu nyeusi ya slaidi ni sehemu ambayo projekta haikurusha kitu, hivyo ukuta unabaki na weupe uliokuwa nao kutokana na mwanga wa madirisha, na yale maandishi ya rangi yanapotea juu yake. Mkihamia alasiri, kama ninavyowashauri, tatizo hili litazidi. Tumieni mandhari nyeupe na maandishi meusi makubwa, kisha mmoja wenu akakae kwenye kiti cha mwisho kabla wageni hawajafika na asome kwa sauti. Akishindwa, ongezeni ukubwa na punguzeni mistari.

Kuhusu mtandao na umeme, kanuni yangu ni kwamba jioni nzima iweze kufanyika bila intaneti, na intaneti ikiwepo iwe nyongeza. Nadhani hatujasahau Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na tarehe 12 mwezi huohuo hitilafu katika mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na SEACOM ikadhoofisha intaneti nchini kote. Mkutano uliomtegemea mtu wa Dar es Salaam, awe amekaa kwenye basi au kwenye video, usingefanyika. Kama mnamtaka sana mtaalamu wa mbali, mwombeni arekodi mada yake ya dakika 12 na kuituma siku mbili kabla, kisha awe tayari kupokea maswali kwa simu ya kawaida iliyowekwa kwenye spika. Kwa mazoezi ya pamoja, ruta ndogo isiyo na bando lolote inatosha kuunganisha kompyuta zote chumbani, na Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo ambayo Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005, iliundwa tangu awali ili kila kompyuta iwe na nakala kamili ya kazi, kwa hiyo mnaweza kugawana msimbo kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kugusa intaneti. Waambieni wageni waje na kompyuta zilizojaa chaji. Umeme ukikatika, zimeni projekta na mgeuze mada kuwa mazungumzo ubaoni. Nimeona jioni zikichangamka hasa baada ya projekta kuzimika.

Nije kwenye pendekezo la wenzako, ambalo lisidharauliwe. Mgeni mashuhuri ana faida ya kweli, hasa kwa kijana ambaye hajawahi kumwona kwa macho mtu anayeishi kwa kazi hii, na wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mashaka yangu ni kwamba mgeni wa kulipiwa ndege atawaletea watu wa kumtazama yeye, na mwezi unaofuata mtakuwa tena 14, safari hii mkiwa na deni. Akiwepo mtu anayekuja Mtwara kwa shughuli zake, mwombeni saa moja. Hiyo ni njia nafuu na mara nyingi hukubali. Ukumbi wa hoteli nao humwambia mwanafunzi asiye na nauli ya kutosha kwamba hapo si mahali pake. Ningeanza kwa kubisha hodi kwenye vyuo vilivyopo, kama VETA, Stella Maris au kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, nikiwa na barua fupi inayotaja siku, saa, idadi ya watu na jina la mtu atakayewajibika. Barua hiyo ipelekeni kwa miguu, msiitume kwa simu.

Mdhamini ana sura yake pia. Mwenye duka akitoa korosho za kubangua na chai, mpokeeni na mshukuruni mbele ya watu. Anayetaka orodha ya majina na namba za simu za wahudhuriaji ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi alilozitolea, na watu wenu walitoa namba ili wajulishwe kuhusu mkutano. Niliwahi kuona kikundi kizuri kikivunjika baada ya kampuni moja kuanza kuwapigia simu wanachama kuwauzia bidhaa. Hawakuikasirikia kampuni, waliwakasirikia waandaaji.

Na ile njia yako ya kuacha? Ni njia halali kama mmechoka, na sitakulazimisha. Ila kabla ya kuacha, punguzeni: mara moja kila miezi miwili badala ya kila mwezi, na kwa Mtwara peke yake. Kutoka Lindi ni kiasi cha kilomita 100, na mtu hawezi kuja jioni na kurudi usiku huo kwa ajili ya mada mbili. Kama Lindi wapo wanne wenye nia, wakutane kwao, nanyi mwatembelee mara moja kwa mwaka mkilala huko.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na mnahitaji mtu wa kuonana naye. Kama mtatumia jenereta, mwiteni fundi umeme mwenye sifa aunganishe, na jenereta ikae nje mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoweza kuua watu chumbani. Mdhamini akileta mkataba wenye kurasa, muonyesheni wakili kabla ya kusaini. Kuhusu taarifa za watu, ulizeni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na ikitokea mtu yeyote akasumbuliwa au kushikwashikwa katika mkutano wenu, msiyamalize kimyakimya kwa kulinda jina la kikundi: mwambieni mhusika asirudi, na kama aliyetendewa anataka, mmoja wenu amsindikize hadi dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Kwa wiki hii, fanya jambo moja tu. Wapigie simu wale 14, mmoja baada ya mwingine, wala usiandike kwenye kundi. Waombe radhi kwa saa nzima waliyosubiri, uwaulize walikuja wakitafuta nini, na uandike majibu yao kwenye karatasi. Mkipata watu wawili waliotaja jambo linalofanana, tayari mmeshapata mada ya mkutano ujao na watu wawili wa kukalisha pamoja.